Kasha la bluu na maswali yake ya zamani

Wadau, leo naziweka siasa pembeni. Nataka kuwaeleza habari ya kasha moja la bluu na jeusi, lenye antena mbili kama sharubu za mende, lililonitia aibu mbele ya chumba kizima cha habari. Aibu yenyewe nitaimaliza haraka. Kilichonifanya nikae kuandika ni yale niliyoyakuta baadaye, nilipoanza kuchimba kwa nini ruta ya intaneti inauliza maswali inayouliza siku ya kwanza ukiiwasha. Nilidhani ni mambo ya mafundi. Kumbe ni historia tupu, na karibu kila chaguo pale limeachwa na watu waliokuwa wakivutana kuhusu kitu fulani mwaka fulani.

Haya, aibu kwanza. Kona yangu ofisini haipati Wi-Fi vizuri. Stoo kulikuwa na ruta ya zamani, Linksys WRT54G, imejaa vumbi. Mimi na shahada yangu nikaona, kuna ugumu gani hapo? Nikaichomeka kwenye umeme, nikachukua waya wa mtandao uliotoka ukutani, nikauingiza kwenye tundu mojawapo kati ya yale manne ya nyuma. Taa zikawaka. Nikajipongeza. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na ukurasa wa mbele ulikuwa unasubiri kutumwa kiwandani.

Baada ya dakika chache kompyuta moja ikapoteza intaneti, ikafuata ya pili, halafu dawati zima la michezo. Fundi wetu wa kompyuta akaja mbio, akainamia mashine moja, akaandika maneno mawili matatu kwenye dirisha jeusi, akainua kichwa na kuuliza kwa sauti: "Nani kawasha ruta nyingine humu ndani?" Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Dogo," akasema, "umeleta baba wa pili kwenye nyumba yenye baba."

Gari la mikoani lilichelewa kuondoka kwa dakika arobaini. Mhariri hakusema kitu, na mnaowajua wahariri mnajua kwamba ukimya huo ni mbaya kuliko kufokewa.

Kilichotokea ni hiki. Ruta kubwa ya ofisi ilikuwa na anwani 192.168.1.1. Kasha langu la bluu nalo lilitoka kiwandani na anwani hiyohiyo. Kila kompyuta ilipouliza njia ya kutokea nje, walikuwa wanajibu wawili. Zaidi ya hapo, kasha langu lilianza kugawa anwani kwa kila mashine iliyoomba, likijitangaza kuwa ndilo mlango wa kwenda duniani, wakati lenyewe halikuwa limeunganishwa popote. Waliolifuata wakafika ukutani.

Siku ya pili nilimfuata fundi na chai na chapati mbili za kuomba radhi. Akalifungua kasha kwenye skrini, akanionyesha ukurasa wa mipangilio. Hapo ndipo nilipoanza kupendezwa.

Kuna swali la aina ya muunganisho wa intaneti, kuna swali la modi ya uendeshaji, na kuna maswali ya redio yenyewe. Nianze na hili la mwisho kwa sababu ndilo lenye umri mkubwa.

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kiliwasha mtandao ulioitwa ALOHAnet. Visiwa vile vimetengana na bahari, na kupitisha data kwenye nyaya za simu ilikuwa ghali na shida, kwa hiyo wakatumia redio. Katikati waliweka kompyuta ya kupokea na kupeleka ujumbe, wakaibatiza Menehune, jina la vijitu vidogo vya hadithi za huko Hawaii. Kila kituo kilizungumza na Menehune, na vituo havikuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kama vituo viwili vikipiga kelele kwa wakati mmoja, ujumbe uliharibika, kila kimoja kikasubiri muda wa kubahatisha na kurudia. Ukiitazama eksesi pointi iliyobandikwa darini kwenye hoteli au benki leo, hiyo ni Menehune mjukuu. Yeye yuko katikati, na wengine wote wanapitia kwake.

Lakini mwaka 1997, wakati taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipopitisha kiwango cha kwanza cha 802.11 (kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde, msicheke), waliweka modi mbili. Moja ilikuwa hiyo ya kituo cha kati. Ya pili iliruhusu kompyuta kuongea moja kwa moja bila mkubwa yeyote, kama watu waliokutana kijiweni. Hiyo ya kijiweni haikupata umaarufu. Nadhani sababu ni rahisi, watu hawakutaka kompyuta ziongee zenyewe kwa zenyewe, walitaka intaneti, na intaneti ilikuwa inaingia kwa waya mmoja kwenye kona moja ya nyumba. Mwenye waya akawa mkubwa.

Hata ruhusa ya kutumia mawimbi hayo bila leseni ina tarehe yake. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungua masafa yaliyokuwa yakitumiwa na vifaa vya viwandani, vya hospitali na vya maabara, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4 ambako hata majiko ya maikrowevu yanavuma. Yalikuwa kama masafa takataka, hakuna aliyeyagombania. Wi-Fi yote tuliyonayo imejengwa kwenye kiwanja kile ambacho wakubwa hawakukitaka.

Wi-Fi iliingia majumbani kwa kishindo Julai 1999, Steve Jobs alipopanda jukwaani New York na kompyuta ya iBook, akaipitisha ndani ya duara la hula hupu huku ukurasa wa intaneti ukiendelea kufunguka, kuwaonyesha watu kwamba hakuna waya. Kituo chake, AirPort, kiliuzwa dola 299 na ndani yake kilikuwa na modemu ya simu ya kilobiti 56. Maana yake unaweza kukaa sebuleni bila waya, lakini kasi ni ileile ya kupiga simu na kusikia mlio. Ndivyo mambo yanavyoanza.

Sasa tuje kwenye aina ya muunganisho. Kwenye WRT54G ukibonyeza hapo linashuka orodha, na kwangu mimi orodha hiyo ni ramani ya dunia ya miaka ile ya mwanzoni mwa 2000.

La kwanza ni DHCP, ambapo kasha linaomba anwani kwa kampuni ya intaneti na kupewa bila kujaza kitu. Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1993, wakati kompyuta za maofisini zilipokuwa nyingi kiasi kwamba kumtembelea mfanyakazi mmoja mmoja na kumwandikia anwani kwa mkono kulishawachosha mafundi. Kampuni za intaneti ya kebo za Marekani zikaupenda. Zilichokuwa hazipendi ni wewe kuunganisha kompyuta zaidi ya moja. Baadhi zilikuwa zinasajili namba ya kifaa iliyopachikwa kwenye kompyuta yako, na zikiona namba ngeni hazifungui. Ndiyo maana WRT54G ina ukurasa mzima wa kunakili namba hiyo. Kasha linajifanya kuwa ile kompyuta ya kwanza, kampuni inaridhika, na nyuma yake nyumba nzima inatumia. Yaani uongo mdogo uliowekewa kitufe rasmi na kiwanda! Nilicheka peke yangu nilipokielewa.

Linafuata la anwani ya kudumu, unaijaza kwa mkono. Hilo ni la wenye nazo, wenye seva na maofisi.

Halafu inakuja PPPoE, ambayo wengi mmeiona kwenye ruta zenu na kuikwepa. Wakati wa kupiga simu, kampuni ilikujua kwa jina na nenosiri, ikahesabu muda wako, ikakutoza. Ilipokuja ADSL, intaneti ikawa iko wazi muda wote kama bomba la maji, na kampuni za simu zikashtuka. Mitambo yao ya kutambua wateja na kutoza ilitegemea lile jina na nenosiri. Badala ya kubadilisha mitambo, wakabadilisha bomba. Februari 1999 ikachapishwa PPPoE, ambayo inachukua utaratibu wa kupiga simu na kuuvika juu ya mtandao ambao hauhitaji kupigiwa simu. Kifaa chako kinajifanya kinapiga, upande wa pili unajifanya unapokea. Gharama yake ni baiti 8 katika kila pakiti, ndiyo maana kwenye mipangilio ukubwa wa pakiti unashuka kutoka 1500 hadi 1492. Ukisahau kuibadilisha namba hiyo, unaweza kupata ugonjwa wa ajabu: tovuti nyingine zinafunguka na nyingine zinaganda katikati, na utaapa kwamba umerogwa.

Chini yake kwenye orodha kulikuwa na PPTP, ambayo mwongozo wa Linksys ulieleza kuwa ni ya Ulaya na Israel. Na kulikuwa na kitu kiliitwa mapigo ya moyo, kwa ajili ya intaneti ya kebo ya Telstra huko Australia, ambako kifaa kilitakiwa kutuma ishara kila baada ya muda kuonyesha kwamba bado kiko hai, la sivyo kinakatwa. Hebu fikiria, kampuni moja ya Australia ina sehemu yake kwenye kasha linalouzwa dunia nzima!

Nilitafuta chaguo la kwetu. Hakuna. Na kwa haki, lingekuwa lipi? Wakati kasha hili linatoka, Afrika Mashariki ilikuwa inaunganishwa na dunia kwa satelaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, nusu sekunde imeondoka kabla seva haijafikiri. Kebo ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, ikafuatiwa na TEAMS na EASSy. Kabla ya hapo intaneti kafe nzima, mashine kumi au ishirini, zilikuwa zinanyonya mrija mmoja mwembamba wa satelaiti. Wakubwa zangu kazini wananiambia habari za kulipia saa moja na kutumia nusu yake kusubiri barua pepe ifunguke.

Na kilichowezesha mashine ishirini kupita kwenye mrija mmoja ndicho kiini cha swali la modi.

Kwenye WRT54G, modi ya uendeshaji ina majibu mawili tu: lango au ruta. Maneno yanachanganya, maana kasha lenyewe tunaliita ruta. Tofauti ni NAT. Ukichagua lango, kasha linaficha mashine zote za ndani nyuma ya anwani moja, na kila pakiti inayotoka inaandikwa upya kana kwamba imetoka kwa kasha. Ukichagua ruta, linapitisha tu bila kuficha.

Kwa nini kuficha? Kwa sababu ya hesabu. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, ni 4,294,967,296 na haziongezeki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishaonekana kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis wakachapisha pendekezo la NAT, na waliliwasilisha kama dawa ya muda mfupi wakati dawa ya kudumu inatengenezwa. Februari 1996 zikatengwa rasmi anwani za ndani zisizotambulika nje, likiwemo kundi linaloanza na 192.168. Hapo ndipo ilipotoka 192.168.1.1 yangu ya aibu. Kila mtu anaweza kuitumia nyumbani kwake, kama kila nyumba inavyoweza kuwa na "chumba cha mbele". Tatizo ni pale nyumba moja inapopata vyumba viwili vya mbele.

Hiyo dawa ya muda mfupi imepita miaka thelathini. Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake matano ya mwisho, kila kanda moja, na AFRINIC ya Afrika ikapata lake. Kampuni nyingi za simu sasa zinaficha wateja maelfu nyuma ya anwani chache, na mwaka 2012 zilitengewa kundi lao, linaloanza na 100.64. Kwa hiyo ukiwa na ruta ya laini ya simu nyumbani, kuna uwezekano mkubwa kwamba unafichwa mara mbili, na ruta yako kisha na kampuni. Kuperuzi hutasikia maumivu. Jaribu kuweka kamera nyumbani na kuifikia moja kwa moja kutoka safarini, au kuendesha seva yako mwenyewe, ndipo utajua. Hujanyimwa na mtu, ila huna anwani. Mimi kama mwandishi hilo linanisumbua. Intaneti ya mwanzo ilikuwa na wazo kwamba kila mashine inaweza kusema na kusikiliza. Tuliochelewa kufika tumekuta viti vya kusikiliza tu.

Nirudi kwenye kasha la bluu, maana lina kesi yake.

WRT54G ilitoka Desemba 2002. Machi 2003 Cisco ikatangaza kuinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Juni mwaka huohuo mtu aitwaye Andrew Miklas akaandika kwenye orodha ya barua pepe ya waandishi wa Linux kwamba ndani ya kasha hili mna Linux, na leseni ya Linux inataka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Linksys haikuwa imetoa. Mnyororo wenyewe ulikuwa mrefu: chipu na programu vilitoka Broadcom, kazi ikapita kwa kampuni ya Taiwan, ikafika Linksys, ikaangukia Cisco, ambayo ndiyo kwanza imeinunua. Baada ya shinikizo, msimbo ukatolewa mwaka huohuo wa 2003.

Hapo kasha likageuka kitu kingine. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ikaja DD-WRT, ikaja Tomato. Kasha lililokuwa na modi mbili likaanza kuwa na nyingi. Liliweza kuwa mteja, yaani kupokea Wi-Fi ya jirani na kuipeleka kwenye waya. Liliweza kurudia mawimbi na kuyasukuma mbele, au kuwa daraja kati ya majengo mawili. Chuma kilikuwa kilekile. Uwezo ulikuwemo siku zote, ila ukurasa wa mipangilio haukuwa na kitufe.

Mfano ninaoupenda ni wa Venezuela. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliweka ruta za WRT54G zenye OpenWrt kwenye ncha mbili zilizo mbali kwa kilomita 279, wakatumia madishi makubwa, na zikasikilizana. Mwaka uliofuata walifikisha kilomita 382. Ugumu haukuwa nguvu ya mawimbi peke yake. Wi-Fi ikituma kipande cha data inasubiri kuitikiwa, na subira yake ni fupi mno, kwa sababu waliotunga kiwango walifikiria vyumba vya ofisi. Kwa kilomita 279 hata mwanga unahitaji karibu milisekunde nzima kwenda tu, kabla ya kurudi. Programu ya kiwandani inakata tamaa mapema. Programu ya wazi unaiambia, subiri. Hilo tu. Namba moja kwenye mipangilio, ambayo kiwanda hakikuona sababu ya kukuruhusu uiguse. Mwaka huohuo wa 2006 kilitoka kitabu cha bure kwenye intaneti kuhusu kujenga mitandao ya redio katika nchi zinazoendelea, kikifundisha hadi kutengeneza antena kwa kopo. Kilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi, tusiokuwa na chaguo letu kwenye ile orodha.

Kampuni ilijibu vipi? Toleo la 5 la WRT54G, la mwaka 2005, liliachana na Linux, na kumbukumbu yake ikapunguzwa kwa nusu: 8 badala ya megabaiti 16, na hifadhi 2 badala ya 4. Kwa watu wengi ilikuwa kasha lilelile la bluu dukani. Kwa waliokuwa wanalitumia kujengea, lilikuwa limefungwa. Kelele zikapigwa, na Linksys ikatoa toleo la pembeni lenye Linux, WRT54GL, likauzwa miaka mingi sana. Desemba 2008 taasisi ya programu huria, FSF, iliishitaki Cisco kuhusu leseni hizohizo, wakamalizana Mei 2009. Ugomvi haukuisha hapo. Mwaka 2015 mwongozo wa FCC kwa watengenezaji uliwataka waeleze jinsi wanavyozuia programu kama DD-WRT, ikitajwa kwa jina, kwa hofu ya watu kuvuruga masafa ya rada. Watu wakaja juu, mwongozo ukarekebishwa, na Agosti 2016 TP-Link ilipotozwa dola 200,000 kwa kosa la masafa, ilikubali pia kushughulikia uwezekano wa watumiaji kuweka programu za wengine.

Lakini tazameni ruta mpya mnazonunua. Nyingi zinasimamiwa kwa programu ya simu, unabonyeza "endelea" mara tatu na mambo yameisha. Modi ya eksesi pointi ina kitufe chake, na ningekuwa na kitufe hicho siku ile nisingewaangusha wenzangu. Nakiri hilo. Ila nyingine hazikuonyeshi hata ukurasa wa mipangilio mpaka ufungue akaunti kwa mtengenezaji, na hapo moyo wangu unasita.

Fundi alinimalizia kazi kwa dakika tano. Alizima ugawaji wa anwani kwenye kasha la bluu, akalipa anwani nyingine ambayo haitumiki na mtu, akaweka nenosiri jipya badala ya lile la kiwandani, na waya akauacha kwenye tundu lilelile nililochagua mimi, kwani kumbe tundu halikuwa kosa. Sasa lipo juu ya kabati la dawati la michezo na kona yangu inapata Wi-Fi. Amelibandikia karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu: USIGUSE. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameandika jina langu.